Chupa Namba 417

Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa.
Lakini Dakta Pemberley, macho yakishamchoka
kuelekea saa tisa, alinisogezea darubini
akasema kwa sauti yake ya puani: Hesabu, Lau.
Nikahesabu.
Vijiti vyekundu juu ya uwanja wa buluu,
kumi, ishirini, havihesabiki.
Sikuwa na cheo cha kuandika jibu.
Jibu liliandikwa kwa mkono wake,
likapigwa muhuri wenye taji,
likashuka ghorofa mbili hadi kwa Bibi Kwok wa ustawi,
mwenye meza isiyo na droo
na jozi mbili za viatu: vya ofisini, na vya mlimani.

417 niliijua.
Ya Tam Fuk-loi, kuli wa gati la makaa, upande wa Kowloon.
Makohozi ya kuli wa makaa hayajifichi,
yana weusi wake, kama wino uliodondokea uji.
Kila Jumatatu mkewe aliileta ndani ya leso
na kila Jumatatu akapewa karatasi ya dirisha la pili:
kopo moja la maziwa ya unga, ratili nne za mchele.
Sharti la Serikali lilikuwa jepesi kulitamka.
Mgonjwa akiwapo, mchele upo.

Jumatatu moja baada ya mvua kubwa
chupa ikaja haina weusi.
Nzito, nyeupe, ina vijiti kuliko siku zote,
na ndani yake, umejikunja kama kope,
uzi wa kijani.

Nilinyamaza hadi kengele ya mchana.
Kisha nikashuka.
Bibi, nikasema, kuli wa makaa hakohoi uzi.

Akavaa viatu vya mlimani.

Alirudi taa zikiwashwa, tope magotini.
Tam alikuwa amezikwa siku kumi na tisa.
Walimteremsha usiku, bila cheti,
maana cheti kingelifunga dirisha la pili.
Ubao aliolalia, futi sita kwa mbili,
sasa ulilaliwa na watoto watatu.
Na ubao wa juu yake alikuwapo Ngan Yiu-cho, fundi cherehani,
aliyekohoa miaka miwili juu ya sketi za ng'ambo
asikanyage hospitali hata siku moja,
kwa kuwa tajiri angemtoa kabla kiti hakijapoa.
Mjane alimwomba mate.
Akampa. Jirani haombwi chumvi peke yake.

Mficha maradhi, husemwa, kilio humuumbua.
Huyu hakuumbuliwa na kilio.
Aliumbuliwa na njaa ya mwenziwe.

Fomu ya Koloni ilikuwa na swali moja kwa mambo ya namna hii:
Je, mpokeaji alisema kweli?
Nafasi ya jibu, upana wa kidole.
Bibi Kwok alishika kalamu mpaka wino ukakauka nchani.
Lau, aliniuliza, chupa ilidanganya?
Nikafikiri.
Chupa haikutaja jina, nikasema.
Jina tulilibandika sisi.

Akaandika, ndani ya upana ule wa kidole,
kwa herufi ndogo za kizungu:
Nyumba ina mgonjwa. Mchele uendelee.

Fomu ilirudishwa mara tatu.
Mara ya nne haikurudi, wala haikujibiwa,
na katika ofisi zile kimya
kilikuwa ndicho kitu cha karibu zaidi na huruma.

Ngan alifukuzwa, hilo halikuzuilika.
Sindano zake alichomwa ngazini, amekaa juu ya ndoo,
akilalamika kuwa mkono wa muuguzi
hauna mshono ulionyooka.

Chupa niliichemsha kama sheria ilivyotaka.
Maji, soda, maji tena.
Uzi ulinasa shingoni, nikautoa kwa waya.

Jumatatu ikafika. Mkono uleule wa mjane,
leso ileile, na ndani yake chupa ileile.
Lebo mpya nilikuwa nimeiandika mimi,
Ngan Yiu-cho, kwa maandishi ya kwetu.
Dakta aliitazama kitambo.
Akanisogezea darubini.